Gari Nililolipitisha

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla lango halijafunguliwa. Ilikuwa karakana ya chama cha ushirika, pale Nyalikungu, mjini Maswa, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki. Fundi Mkuu alikuja kwa baiskeli. Alikuwa mtu mfupi, wa makamo, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaichukua ile bahasha na kuiweka juu ya pipa la oili bila kuifungua.

"Unaitwa nani?"

"Jilala."

"Haya, Jilala. Ingia chini ya gari lile, ukitoka uniambie umeona nini."

Lilikuwa gari la Kiingereza, la aina tuliyoiita fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Nilikaa chini yake nusu saa. Nilipotoka nikamwambia giaboksi inavuja na springi ya nyuma ina jani lililokatika.

"Na nini tena?"

"Basi, Fundi Mkuu."

"Rudi."

Alinirudisha mara tatu. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimegundua kwamba kati ya bolti nne zinazoshika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, moja ilikuwa mpya na tatu zilikuwa za zamani. Nikamwambia.

"Kwa nini moja ni mpya?"

"Sijui."

"Hapo sasa umeanza kazi," alisema, akaenda kunywa chai.

Vijana wa leo wanaponiuliza habari za magari ya zamani, huwa nawaambia kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa anachagua gari. Ushirika uliletewa magari kwa mgao, mapya, na vipuri vilikuja kwa kibali. Kazi yetu ilikuwa kuyafanya yaishi. Na kuishi kwa gari huku kwetu si jambo jepesi. Udongo wa mbugani ni mweusi, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe, ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu linageuka donge moja. Mito mingi haina maji miezi mingi ya mwaka, ina mchanga tu, na mchanga ule unatesa klachi na difu kuliko maji. Difu ni lile boksi la mviringo katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gari la fowili lina difu mbili, kwa hiyo lina mahali pawili pa kukuharibia safari.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba, na ushirika wetu ukaanza kunyauka. Mishahara ilichelewa, halafu ikachelewa zaidi, halafu ikatundikwa orodha ya waliopunguzwa, na jina langu lilikuwemo. Fundi Mkuu naye alikuwemo. Alirudi kijijini kwake kulima, nasi hatukuonana tena.

Nilipata kazi Bariadi, kwenye kampuni moja ya pamba ambayo sasa haipo. Wakati huo mkoa wa Simiyu ulikuwa bado kuundwa, tulikuwa chini ya Shinyanga. Bosi wangu alikuwa Meneja Usafirishaji, kijana kuliko mimi, mkarimu, mwenye haraka. Kampuni ilihitaji magari ya kufika kwenye vituo vya kununulia pamba, na haikuwa na muda wa kusubiri mapya. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika nchini, na watu walikuwa wakiyanunua kama wanavyonunua mashati ya mtumba, kwa kuangalia kola.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo sikuisomea, kazi ya kumwambia mtu nunua au acha.

Safari ya kwanza tulikwenda Mwanza, Meneja na mimi. Tulifika kwenye yadi iliyokuwa na magari kama kumi. Meneja alikwenda moja kwa moja kwenye fowili nyeupe ya Kijapani, dizeli, safi, viti bado vina nailoni. Nililifanyia kila nilichokijua kwenye injini. Nilishika boneti kwanza kuhakikisha haijapashwa moto kabla hatujafika, maana muuzaji mjanja huiwasha injini mapema ili isikuonyeshe shida ya kuwaka ikiwa baridi. Nilitazama moshi, nikaona hauna bluu, maana yake injini haili oili. Nilichomoa kijiti cha oili, nikafungua rejeta nikaangalia kama maji yana mafuta. Yote yalikuwa mazuri.

Nilimwambia muuzaji nataka kuingia chini. Akasema jeki imeazimwa, na sakafu pale ilikuwa na maji, walikuwa wametoka kuosha. Nilipiga magoti, nikachungulia. Chesesi, ile mihimili miwili ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa nyeusi, inang'aa, imepakwa rangi upya.

"Fundi, vipi?" Meneja aliuliza. "Tuna safari ya kurudi."

"Liko vizuri," nilisema.

Nilikuwa nimevaa shati jeupe siku hiyo. Nataka mlijue hilo. Sikulala chini kwa sababu ya shati.

Gari lile alikabidhiwa Nkwabi. Tulikuwa rika moja, naye alikuwa dereva bora niliyepata kumjua, mpole kwenye gia, mtu anayesimamisha gari juu ya korongo, anashuka, anatembea kwa miguu mpaka ng'ambo, anarudi, ndipo anavuka. Makarani walimlalamikia kwamba anachelewesha. Msimu ule wa pamba alikuwa akienda Mwandoya na vituo vya mbele yake, akipeleka mizani na magunia.

Siku ya ajali alikuwa peke yake na mzigo nyuma. Aliteremka ukingo wa mto wa mchanga, mahali alipokuwa amepita mara nyingi. Chesesi ilikatika katikati, nyuma ya kibini. Gari lilikunjika, likalala ubavu, na mguu wake wa kulia ukabanwa kati ya mlango na usukani, mwili ukiwa nje, chini ya chesesi. Wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe walimsikia. Walikata magogo, wakainua kidogo kidogo, wakamtoa jua likiwa limeshapinduka. Mguu haukukatwa, lakini uliunga vibaya, ukabaki mfupi.

Mimi ndiye niliyetumwa kulileta gari. Safari hii nililala chini, kwenye mchanga, na niliona kila kitu. Mahali chesesi ilipokatika palikuwa na mshono wa zamani wa kuchomelea, umesagwa ukalainishwa, umepakwa puti, halafu ile rangi nyeusi. Ndani ya mhimili kutu ilikuwa imekula chuma mpaka kimebaki kama bati. Ukucha ungetosha kuifichua ile puti. Nyundo ndogo ingetosha zaidi, kwa sababu chuma kizima kikigongwa hulia, na kilichooza hujibu kama ubao.

Nilirudi Bariadi nikamweleza Meneja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Gari hili lilikaguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Ripoti inatakiwa makao makuu. Nikiandika chesesi, ni wewe na mimi. Nikiandika mwendo kasi, ni dereva. Wewe una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Basi fikiria."

Sikufikiria sana. Karatasi iliandikwa kwamba dereva aliteremka ukingo kwa mwendo usiofaa, na kwamba kwa maoni ya fundi gari halikuwa na kasoro kabla ya ajali. Nilitia saini. Nkwabi aliachishwa kazi akiwa bado wodini. Nilikwenda kumtazama mara moja, nikampelekea maziwa na mkate, tukazungumza habari za mvua.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mitano. Nilikuwa nimebadilika, nikawa mkaguzi mkali. Nilinunua ovaroli ya safari, nikabeba nyundo yangu na tochi na kipande cha turubai cha kulalia. Nilijifunza kuyasoma magari ya mtumba. Kutu ya gari lililoishi karibu na bahari huanzia ndani ya mihimili na kwenye pembe za milango. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa, lakini pedali ya klachi iliyolika mpira haiwezi kudanganya. Gari ambalo fowili yake haijatumika miaka mingi, kijiti chake cha pili cha gia hukwama, na ukikilazimisha kinalia. Nilikataa magari mengi. Watu wakaanza kunisifu, wakaja kuniazima kutoka kampuni nyingine, wakasema fundi Jilala hapitishi ovyo. Kila waliposema hivyo nilikuwa naangalia pembeni.

Kampuni ilipofungwa, nilifungua gereji yangu ndogo Bariadi. Mwaka wa pili nikaitwa na kituo cha afya cha kanisa moja, upande wa Meatu. Walikuwa na mradi wa kliniki ya kutembea, kuwafuata kina mama na watoto vijijini, na walitaka fowili iliyotumika. Mganga Mfawidhi, daktari mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniambia mahitaji yake kwa maneno machache.

"Sihitaji gari zuri. Nahitaji gari litakalokwenda na kurudi na muuguzi wangu. Ukinipatia na dereva mwaminifu, nitashukuru."

Nilipanda baiskeli nikaenda Ngulyati, ambako Nkwabi alikuwa akiishi. Nilimkuta uani anatengeneza plau. Alikuwa na fimbo, lakini alisimama bila kuishika.

"Mwangaluka," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Jilala. Karibu kiti."

Mkewe alileta uji. Nilimweleza kuhusu kazi ya udereva. Alisikiliza huku akikaza nati ya plau.

"Wataniuliza kwa nini niliachishwa kule," alisema.

"Nkwabi, lile gari lilikuwa na mshono. Chesesi ilikuwa imeoza. Niliona nilipokwenda kulichukua, na nilisaini kwamba halikuwa na kasoro."

Aliendelea kukaza ile nati mpaka ikafika mwisho.

"Nililala chini ya gari lile tangu asubuhi mpaka alasiri," alisema. "Uso wangu ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye huo mshono. Wewe ulidhani nilikuwa natazama nini?"

Niliweka bakuli la uji chini.

"Ulipokuja hospitali na mkate nilidhani umekuja kusema. Ukaniambia habari za mvua. Nikasema, atakuja tena. Miaka imepita mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba watu hapa wananiita Nkwabi wa mwendo kasi. Hata watoto. Mimi, niliyekuwa navuka mto kwa miguu kwanza."

Nilimwomba radhi. Hakujibu radhi ile, wala hakunifukuza. Baadaye alisema, "Maneno ya hapa uani hayanisaidii. Nenda ukayaseme mbele ya hao wanaotafuta dereva. Halafu uyaandike."

Kamati ya kituo ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti wake alikuwa mzee wa kanisa, mkulima mkubwa wa pamba, namhala, yaani mzee wa Kisukuma, aliyeheshimiwa, na alikuwa amekwishaona gari analolipenda. Niliposimama kusema habari za Nkwabi nilikuwa najua ninachokipoteza. Walikuwa wameniita kwa sababu ya jina langu la kutokosea. Niliwaambia yote, la yadi, la shati, la saini. Nilitoa barua niliyoiandika nikaiweka mezani.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Kwa hiyo fundi tuliyemwita atuchagulie gari ndiye aliyepitisha gari bovu, na akamsingizia mwenzake."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe unataka tukuamini kwa sababu gani?"

"Sina sababu ya kuwapa. Mkitaka fundi mwingine, nitawatajia wawili walio wazuri. Lakini Nkwabi hakukosea, na hilo halitegemei kama mtaniamini mimi."

Waliniambia nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nikasikia sauti zikipanda na kushuka. Aliyetoka kuniita alikuwa daktari.

"Mwenyekiti anasema ukague, lakini na sisi tuwepo, na huyo Nkwabi aendeshe," alisema. "Mimi nimekubali. Usinifanye nijute."

Magari yalikuwa mawili, nasi tulikwenda Mwanza kamati nzima. La kwanza lilikuwa lile analolipenda Mwenyekiti, la kijani, limepakwa rangi upya. Nilitandika turubai, nikaingia chini, nikagonga chesesi kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu. Upande wa kushoto ulilia wote. Upande wa kulia ulilia mpaka karibu na ekseli ya nyuma, kisha ukajibu kama ubao.

"Mzee, naomba uje usikie mwenyewe," nilimwambia Mwenyekiti.

Alikuwa na suti. Alinitazama, akatazama turubai, akavua koti akampa daktari, akaingia. Nikampa nyundo. Aligonga mara nne au tano. Alipotoka alijipangusa magoti, akasema, "Twende tukaone lingine."

La pili lilikuwa la watafiti wa madini waliomaliza kazi yao. Kwa sura lilikuwa baya kweli. Rangi imebabuka, mlango mmoja si wa rangi yake, kiti cha dereva kimeshonwa kwa kamba ya katani. Lakini chesesi yake haikuwahi kupakwa kitu chochote zaidi ya rangi ya kiwandani, na kutu niliyoiona ilikuwa ya juu juu, ya kukwangua. Oili ya difu zote mbili niliipaka kidoleni, haikuwa na chenga za chuma. Shokapu mbili zilikuwa zimekufa, rejeta ilikuwa na kiraka, hayo nikayaandika. Injini iliwaka ikiwa baridi, kwa jaribio la pili. Nkwabi aliliendesha mpaka kwenye mchanga karibu na ziwa, akashuka, akafunga habu za mbele kwa mkono, maana za gari lile zilikuwa za kufunga kwa mkono ili magurudumu ya mbele yavute. Akaingiza kijiti cha pili. Hakikulia. Gari likaingia mchangani likatoka, likarudi kinyumenyume likatoka. Alizima injini, akakaa kidogo ameshika usukani.

"Nkwabi, unasemaje?" daktari aliuliza.

"Klachi itahitaji kubadilishwa kabla ya mwaka," alisema. "Mengine nitakwenda nayo."

Mwenyekiti alilizunguka mara mbili. "Watu watasema kanisa limenunua mkweche," alisema.

"Watasema," daktari alijibu.

Likanunuliwa. Nami waliniajiri kulitunza, na baada yake mengine matatu, mpaka nilipostaafu.

Ningependa kuwasimulia maajabu ya gari lile, lakini hayapo. Lilikwenda na kurudi. Nkwabi alishuka kwenye kila korongo, akavuka kwa miguu, akarudi, akavuka na wauguzi. Wauguzi wapya walilalamika kwamba anachelewesha, wakongwe wakawanyamazisha. Akina mama walijifungua mahali palipofaa. Watoto walichanjwa kwa siku iliyopangwa. Klachi ilibadilishwa mwezi wa kumi tangu gari linunuliwe, kama alivyosema. Kule Ngulyati jina lile la mwendo kasi lilichukua muda kufa. Barua yangu ilisomwa kanisani baada ya ibada, kwa ombi la Nkwabi, nikiwa nimesimama pale mbele. Baada ya hapo lilipungua, na siku moja nikagundua kwamba sijalisikia muda mrefu.

Kama Nkwabi alinisamehe, sijui. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, tulikula sahani moja njiani, aliniletea mahindi ya kwanza ya shamba lake. Neno lenyewe hakulitamka, nami sikumdai.

Sasa nimestaafu. Magoti hayataki, na sikio la kushoto limepungua. Bado watu wanakuja. Kiangazi kilichopita alikuja mwalimu mmoja kijana, ana gari la fowili aliloletewa na dalali, anataka kulinunua ili aende nalo kwao Serengeti na familia yake. Nilimwongoza yeye mwenyewe aingie chini, mimi nikiwa nimekaa kigodani nikimwambia pa kugonga. Tulimaliza, akajipangusa, akaniuliza wanachouliza wote.

"Mzee, kwa hiyo ni zima?"

Nilimwambia chesesi nimeisikia na imelia vizuri. Difu ya mbele ina oili safi, ya nyuma inavuja kidogo kwenye sili. Ndani ya giaboksi sijaona, na hakuna awezaye kuona bila kuifungua. Breki za nyuma hatukufungua ngoma, kwa hiyo sizijui.

"Lakini wewe unasemaje? Nichukue?"

Nikamrudia yale yale, niliyoyaona na nisiyoyaona. Alionekana kutoridhika, maana alikuja kutafuta neno moja la kwenda nalo nyumbani. Neno hilo niliwahi kulitoa mara moja, na sina tena la kumpa mtu. Alinishukuru, akatoa kalamu, akaniomba nimtajie tena zile breki ili aziandike.